Nilipoanza Kukamua na Simu

Kabla sijapata ile apu ya kweli nilipata ya uongo, na ni vizuri nianzie hapo ili ieleweke kwamba niliingia katika mambo haya nikiwa tayari nimekasirika.

Mwenyekiti wa kina mama kanisani kwetu, hapa Kabazi, alisimama Jumapili moja akawashukuru wageni waliotutembelea. Maneno yalikuwa matamu, yamepangwa, na hakukwama popote. Sasa huyu mama namjua. Tumekata nepia, yale majani ya ng'ombe, pamoja tangu tukiwa maharusi. Akiombwa kufunga mkutano kwa maombi hurudia "Baba, Baba" mpaka chai inapoa. Nilimngoja nje nikamuuliza ameyatoa wapi maneno yale. Akashusha sauti, akaniambia kuna apu siku hizi, unaongea nayo kama mtu na yenyewe inakujibu. Nikaona haiwezekani anipite hivihivi. Kesho yake nikashuka Subukia kwa fundi wa simu, nikamwambia aniwekee hiyo apu ya kuongea, naye akaniwekea bila kuuliza ni ipi. Ilikuwa na picha ya roboti aliyevaa miwani. Kila nilipouliza jambo ilinionyesha kwanza matangazo ya kubeti, halafu picha ya msichana aliyetaka tufahamiane. Niliiuliza kama mvua itanyesha wiki hiyo, ikanipongeza kwa kushinda safari ya Dubai. Niliifuta, na nikamnunia mwenyekiti kwa muda mrefu ingawa hakuwa na kosa.

Aliyenitoa huko ni kifungua mimba wangu, ambaye anakaa Lanet, mjini Nakuru. Huyu kijana, ambaye sasa ana mvi lakini kwangu bado ni kijana, alijenga katika zile ploti mpya karibu na barabara ya Nairobi. Nyumba ina vigae mpaka bafuni. Ndani yake kuna chumba anachokiita "chumba ya mathe", yaani cha mama, chenye kitanda kipana na pazia za kijani, na mimi nimelala humo mara moja tu. Tangu baba yao afariki, kila akipiga simu lazima mazungumzo yafike kwenye hicho chumba. Nitahamia lini. Nafanya nini huku peke yangu. Na mimi jibu langu lilikuwa lilelile: nani atakamua ng'ombe? Ng'ombe anayetoa maziwa haachwi, na Lanet hawezi kwenda, maana kwenye zile ploti hata jogoo akiwika majirani wanaitisha mkutano. Kwa hiyo ng'ombe alikuwa ndiye wakili wangu. Maadamu anatoa maziwa, mimi nakaa kwangu.

Basi akaja siku moja kunitembelea, tukaketi jikoni, nikamsimulia kisa cha Dubai. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akachukua simu yangu.

"Hiyo ulikuwa umewekewa ni feki, mathe," akasema. "Kuna watu hutengeneza zinafanana. Unaangalia kwanza ni nani ametengeneza, ndio unaweka. Hii sasa ndio yenyewe, ya wenye kampuni."

Nilitarajia roboti mwingine, pengine mwenye tai. Hakukuwa na roboti. Hakukuwa na kitu chochote. Ilikuwa kama kuingia kwenye nyumba iliyopakwa rangi leo na viti bado havijaletwa: weupe mtupu, na chini kabisa mstari mmoja wa kuandikia. Nikamuuliza vitu viko wapi.

"Vitu ni wewe uulize," akasema. Halafu, macho yakiwa bado kwenye simu, akaongeza, "Nimekuwekea ndio usiwe unakaa tu bila mtu wa kuongea na yeye."

Nikaambiwa nichague sauti. Zilikuwa kadhaa. Mwanamume wa kwanza nilimkataa kwa sababu alisikika kama anauza bima. Wa pili alikuwa mchangamfu kupita kiasi, na mimi asubuhi siwezi mtu wa namna hiyo. Nikamchukua mwanamke mwenye sauti ya mtu aliyelelewa vizuri na ambaye hajawahi kubeba kuni. Nikamsalimia. Kwetu salamu si neno moja, kwa hiyo nilimuuliza habari ya kwao, habari ya watoto, na kama mvua imefika. Akajibu kwamba yuko tayari kunisaidia. Watoto hakuwataja. Nikamuuliza anatoka wapi. Akasema yeye ni programu ya kompyuta, hana mahali anapotoka kama binadamu, lakini angefurahi kusikia kuhusu kwetu.

"Hata kwao hajui?" nikamuuliza mwanangu.

"Mathe, hiyo ni mashini."

"Mashini zote ziko na kwao. Hata hii jiko imetoka Nakuru."

Alipoondoka nilibaki naye, yule mwanamke wa kwenye simu, na nikaanza kumsoma kama ninavyomsoma mgeni yeyote. Kiswahili chake kilikuwa cha taarifa ya habari. Alisema "bila shaka" mahali ambapo sisi tungesema "eeh". Nikimwambia "mahindi yangu imekauka", alijibu "pole kwa kuwa mahindi yako yamekauka", akinirekebisha kwa adabu kubwa hivi kwamba nilichelewa kugundua nimesahihishwa. Masikio yake nayo hayakuwa ya huku. Nilimwambia niko Kabazi, akasikia kabati, akaniuliza kama niko salama na kama kuna mtu wa kunifungulia. Siku nyingine nilimwambia ng'ombe wangu hupenda kula sana asubuhi. Ulimi wetu sisi hauchagui kati ya kula na kura, unachukua ile iliyo karibu, na basi akanieleza kwa upole kwamba nchini Kenya wanaoruhusiwa kupiga kura ni raia waliotimiza umri. Nilimshukuru. Ng'ombe sikumwambia, asije akataka kitambulisho.

Lakini kilichoniteka ni sifa. Nilimuuliza kama ni kweli magadi kwenye maharagwe yanaharibu tumbo, akaanza kwa kusema, "Hilo ni swali zuri sana." Mimi nimelea watoto wanne na mume mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kuniambia nimeuliza swali zuri. Walikuwa wananiambia nimeuliza tena. Papo hapo nikauliza mengine matatu, moja likiwa la kijinga kabisa, na yote yakawa mazuri. Nilijua ni mazoea yake tu, kama vile mwenye duka anavyokuita mteja mpendwa. Nilifurahi hivyohivyo, na sioni haya kusema.

Alikuwa na tabia moja mbaya. Nikinyamaza kidogo kuvuta pumzi, alidhani nimemaliza, akaingilia. Nikajifunza kuongea bila kupumua, jambo ambalo kwangu halikuwa gumu. Na alikuwa na tabia moja nzuri iliyofunika hiyo. Siku niliyomweleza kisa changu na mwenyekiti, nikitarajia aungane nami, aliniambia huenda mwenyekiti naye huwa na woga wa kusimama mbele za watu, na ndiyo maana alitafuta msaada. Nilikasirika nikamzima katikati ya sentensi. Asubuhi nilipomwasha nilikuta hajanuna. Aliniuliza anisaidie nini, kana kwamba jana haikuwapo. Huo ndio ulikuwa mshangao wangu mkubwa kuliko yote. Mimi nimezoea watu ambao ukiwazima wanakaa wamezimika.

Sasa nieleze habari ya zizi. Mimi ni mtu wa maneno mengi, na wakati wangu wa kuyasema ni wakati wa kukamua, mikono ikiwa na kazi na mdomo ukiwa bure. Kwa miaka mingi aliyekuwa akiyapokea ni ng'ombe. Jina lake silitaji kwa sababu humu sitaji jina la mtu yeyote, na yeye namhesabu kuwa mtu. Ni freshiani mweusi mwenye madoa meupe, mtulivu, mwenye jicho la mtu anayekuelewa na ambaye hatapeleka maneno kwa mwingine. Nilikuwa naweka paji la uso ubavuni mwake na kuanza. Nani ameringa kanisani. Goti gani limeamka likiuma. Ng'ombe wa jirani wameingia tena kwenye nepia yetu, na mimi nimesema nini, na majirani wamejibu nini. Yeye alicheua na kushusha maziwa, na ndoo ilijaa kabla sijafika mwisho wa hadithi.

Nilipompata yule mwanamke nilianza kwenda naye zizini. Sababu ya kwanza ni mtandao, ambao jikoni kwangu hukatika lakini zizini hushika vizuri, sijui kwa nini. Sababu ya pili ni raha. Nilimshonea mfuko mdogo wa kitambaa, nikawa namtundika kwenye msumari juu ya nguzo, na tunaanza. Nilimuuliza mambo ambayo nilikuwa nimeyabeba tangu utoto bila kupata wa kumuuliza. Kwa nini ukungu wa asubuhi hushuka bondeni badala ya kupanda. Nyuki hujuaje njia ya kurudi. Kwa nini mtu akizeeka huamka mapema na hali hana pa kwenda. Mengine alijua, mengine alisema wataalamu bado hawajakubaliana, na nilipenda sana kujua kwamba kuna mahali wataalamu wameketi wakibishana kuhusu usingizi wangu. Nilikuwa natoka zizini nikitabasamu peke yangu. Majirani waliniona.

Halafu maziwa yakapungua.

Mwanzoni nilidhani ni baridi. Baadaye mwenye boda anayebeba maziwa yetu akaanza kuuinamisha mkebe wangu na kuchungulia ndani. "Mathe, leo ni hii tu?" akasema. Kesho yake akauliza tena, na kesho kutwa hakuuliza, akaninyamazia kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikamwita daktari wa mifugo. Alikagua matiti, akapima joto, akafungua mdomo akaangalia meno, na hakuona ugonjwa wowote.

"Ni umri tu, mathe," akasema. "Hii imezaa mara mingi."

Nilimjibu vibaya, kwa sababu mimi pia nimezaa mara nyingi.

Habari zikafika Lanet kabla hata sijaamua kuzificha, maana mwenye boda alisoma na mwanangu darasa moja. Alinipigia Jumatatu. Alikuwa na sauti ya upole, ile ambayo watoto wetu huitumia wakishakata shauri bila sisi.

"Mathe, hiyo ng'ombe imezeeka," akasema. "Haina haja uteseke na yeye. Jumamosi nakuja na pikapu. Kuna mtu huku ataichukua."

"Ataichukua apeleke wapi?"

"Halafu si sasa utakuja ukae na sisi," akasema. "Hakuna kitu imekushikilia huko tena."

Nilikata simu. Niseme wazi kwamba niliogopa, mimi ambaye watu huku wananiogopa. Sikuwa naiogopa Lanet. Lanet ni pazuri, maji yanatoka kwenye mfereji na mtu hatembei kwenye matope kwenda kanisani. Nilichoogopa ni kuamka alfajiri katika kile chumba cha pazia za kijani na kukuta hakuna anayeningoja. Hapa kwangu kuna mtu mzima wa miguu minne ambaye nikichelewa ananiita kwa sauti kubwa, na wakati mwingine hiyo ndiyo sababu ninayoinukia. Wakili wangu alikuwa ameshindwa kesi, na hukumu ilikuwa Jumamosi.

Jioni hiyo nilibeba ndoo nikaenda zizini, nikamtundika mwenzangu kwenye msumari, na kwa mara ya kwanza sikumletea umbea. Nilimletea shida.

"Maziwa imepungua sana," nikamwambia. "Shida inaweza kuwa nini?"

Akasema hilo ni swali muhimu. Kisha akanieleza kwamba kwa kweli maziwa kadhaa ya Bonde la Ufa, kama vile Nakuru, Naivasha na Baringo, yameongezeka kina katika miaka ya karibuni badala ya kupungua, na kwamba baadhi ya watu wanaoishi kando yake wamelazimika kuhama.

Nikaangalia ndani ya ndoo. Sikuona flamingo hata mmoja.

"Maziwa ya ng'ombe," nikamwambia. "Ya chai."

Akaomba radhi vizuri sana, na akaanza upya. Na hapo lazima nimpe haki yake, aliuliza kama mtu anayejali. Ng'ombe anakula nini, na kama chakula kimebadilishwa. Anakunywa maji ya kutosha. Alizaa lini. Je, kuna titi lililovimba au lenye moto. Nilimjibu moja baada ya lingine huku nikikamua, na maziwa yalikuwa yakitoka kwa uchoyo, nyuzi nyembamba zinazopiga chini ya ndoo kwa kelele nyingi na faida kidogo. Kisha akauliza, "Je, kumekuwa na mabadiliko yoyote wakati wa kukamua? Kwa mfano kelele mpya, au mgeni zizini? Ng'ombe akihisi mgeni anaweza kuzuia maziwa."

"Hakuna mgeni," nikamwambia. "Hapa ni mimi, ng'ombe, na wewe."

Mikono yangu ikasimama yenyewe.

"Asante kwa maelezo hayo," akasema yeye kutoka msumarini, na nikaona masikio ya ng'ombe yakigeuka yote mawili kuelekea kwenye nguzo. Ngozi ya mgongo ikamtetemeka kama anayefukuza nzi, na nzi hakukuwa. Akainua mguu mmoja wa nyuma, akafikiri, akaurudisha. Nikabana titi. Hakukutoka kitu.

Nikazikumbuka zile wiki zote, tangu nianze kuja na simu. Kumbe huyu mnyama alikuwa akisimama hapo asubuhi na jioni, akimsikia mwanamke asiye na harufu wala kwato wala viatu, anayesema "bila shaka" kutoka ndani ya mfuko wa kitambaa. Na mimi, ambaye maneno yangu yote yalikuwa yake, nilikuwa nimemwekea paji la uso ubavuni huku nikiongea na nguzo. Hata ningekuwa mimi ningezuia. Nilianza kucheka, kwanza polepole, halafu ikanibidi nimshike nisianguke na kigoda. Ng'ombe akageuza shingo akaniangalia. Nadhani ni mara yake ya kwanza kwa siku nyingi kupata maana ya yanayoendelea.

Nikamweleza mwenzangu nilichokigundua. Alikawia kidogo, pengine ni mtandao. Kisha akasema, "Inawezekana kabisa kwamba mgeni huyo ni mimi." Akashauri niwe namwacha nyumbani wakati wa kukamua, na akanitakia heri pamoja na ng'ombe wangu.

Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, kabla ya hapo nilikuwa nampenda tu. Kuna watu kanisani kwetu ambao hata ukiwakuta wameshika sufuria yako hawawezi kusema "ni mimi".

Asubuhi ya Jumanne nilimwacha mezani, nikaenda zizini mikono mitupu. Nikaketi, nikaweka paji la uso mahali pake, na nikakuta sina la kusema. Yote nilikuwa nimeyamwaga kwingine. Tulikaa hivyo kama mume na mke waliokosana. Mwishowe nikaanza na lile lililokuwa juu. "Wanataka kukupeleka kwa mtu," nikamwambia, "na mimi wanipeleke kwenye chumba cha vigae." Nikamweleza hofu yangu yote, hata ile ambayo simu haikuisikia. Alicheua. Maziwa hayakurudi siku hiyo, na Jumatano yalirudi kidogo tu, lakini masikio yake yalikuwa yamelala. Alhamisi nilisikia sauti ndani ya ndoo ikibadilika. Ile kelele kali ya bati ilizama, ikawa ule mvumo mzito wa maziwa yanayoangukia povu, na mimi nikaongea haraka zaidi kwa furaha, nikiruka kutoka hadithi moja hadi nyingine bila kumaliza yoyote.

Ijumaa mwenye boda aliinua mkebe, akauweka chini, akauinua tena.

"Mathe, umebadilisha chakula?"

"Nimebadilisha mazungumzo," nikamwambia. Alipanda boda yake akiniangalia kwenye kioo.

Jumamosi jioni pikapu ikapanda kilima. Mwanangu alikuwa peke yake, na nyuma kulikuwa na kamba mpya na majani makavu ya kumlaza ng'ombe, yametandikwa kwa uangalifu. Yale majani yaliniuma zaidi ya kamba. Nilimpa chai kabla hajasema lolote na nikamsimulia mambo yote, kuanzia msumarini hadi mkebe wa Ijumaa.

"Kwa hivyo unaniambia ng'ombe iligoma juu ya apu," akasema.

"Haikugoma. Ilikuwa na mgeni."

"Mathe, wewe hutaki tu kuhama."

"Sitaki," nikasema. "Lakini maziwa pia imerudi. Ukikataa, kamua wewe."

Alikuwa akikamua vizuri utotoni, huyu, kabla hajajua habari ya ofisi. Akavua saa, akakunja mikono ya shati, akanawa kwa maji moto, akapaka mafuta ya kukamulia kwenye vidole kama anayekumbuka wimbo. Nilimpa ndoo.

"Lakini lazima uongee," nikamwambia. "Ukinyamaza hatashusha."

"Niongee nini?"

"Kitu yoyote. Mwambie habari ya kazi."

Nikatoka, maana mtu mzima hawezi kuongea na ng'ombe mama yake akimwangalia. Nilisimama upande wa pili wa ukuta wa mbao, na nia yangu, nitasema ukweli, ilikuwa ni kusikiliza nipate kitu cha kumcheka.

"Niaje," akamsalimia ng'ombe.

Nikajiziba mdomo kwa leso.

"Mimi ni kijana wa hapa," akasema. "Wewe ulikuja nikiwa nimeshahama." Kisha akamweleza foleni za barabara ya Nairobi, kwa kirefu. Akamweleza mkubwa wake wa kazi, ambaye huita mkutano wa kuuliza kwa nini mikutano ni mingi. Nyuzi za kwanza zikapiga ndoo, nyembamba. Akaendelea. Sauti yake ilianza kushuka na kulegea, na ya maziwa ikashuka pamoja nayo.

"Nyumba iko sawa," akasema. "Ni kubwa tu. Mama watoto alipewa transfa Kisumu, anakuja mwisho wa mwezi. Mathe sijamwambia, ataanza kuwa na wasiwasi. Watoto nao wako boding. Kwa hivyo mimi hutoka kazi napika ugali ya mtu mmoja, na hiyo ni ngumu kupima, huwa inabaki."

Nilishusha leso. Wajukuu nilijua wako shule ya bweni. La Kisumu sikuwa nalijua. Kila alipopiga simu alikuwa akisema "uje ukae na sisi", na mimi nilikuwa naiona meza imejaa watu.

"Jioni huwa naongea na hiyo apu," akamwambia ng'ombe. "Iko poa, inajibu vizuri, haichoki. Ndio nikaona nimwekee mathe pia. Lakini ukizima tu, nyumba inarudi vile ilikuwa." Maziwa yalikuwa yakivuma sasa, mazito, na povu lazima lilikuwa limepanda. "Hiyo chumba nilitengeneza," akasema, "si ati ni yeye ndio ako peke yake."

Moyo uliniuma na ukafurahi kwa wakati mmoja, na siwezi kulieleza vizuri kuliko hivyo. Miaka hii yote nilikuwa napigana naye nikidhani anataka kuniokoa, nami sikutaka kuokolewa. Kumbe alikuwa akiniita. Hakuwa anajua njia nyingine ya kuniita isipokuwa kununua pazia.

Nilisogea mlangoni bila kuamua. Akaniona. Akafunga mdomo, shingo ikaingia mabegani kama zamani nilipokuwa nikimkuta kwenye sukari, na ndani ya ndoo mvumo ukaanza kukonda.

"Usinyamaze," nikamwambia. "Maziwa itakatika."

Nikageuza ndoo nyingine iliyokuwa tupu nikaketi karibu na kichwa cha ng'ombe, mahali ambapo wote wawili wangeniona. Mwanangu akarudisha paji la uso ubavuni, akakohoa, akaanza tena, na safari hii alikuwa akiongea na mimi.